MetaMask yaboresha faragha, ila kazi imebaki kwa mtumiaji
MetaMask, pochi ya sarafu za kidijitali inayowekwa kwenye kivinjari, ilizua malalamiko Novemba 2022. Kampuni inayoimiliki, ConsenSys, ilieleza kuwa mtu akituma muamala, huduma yake ya Infura hukusanya anwani ya pochi pamoja na IP, yaani namba ya intaneti anayotumia.

Shida iko wapi? Miamala ya Ethereum iko wazi kwa kila mtu. Kisichoonekana ni jina la mwenye pochi. Pochi ikiunganishwa na IP, kumjua mhusika kunakuwa rahisi.

Desemba 2022, ConsenSys ikasema itapunguza muda wa kutunza taarifa hizo hadi siku 7. Machi 2023 yakaja maboresho: mtumiaji anaweza kuchagua seva nyingine tangu anapofungua pochi, na kuzima huduma zinazopeleka taarifa zake kwa wengine.

Ila Infura ndiyo iliyokuja imeshawekwa. Usipogusa mipangilio, taarifa zinaenda kulekule. Ukihamia seva nyingine, mwenye seva hiyo naye anaweza kuiona IP yako. Asiyetaka kumwamini yeyote hapo kati atalazimika kuendesha seva yake mwenyewe, kazi ambayo wengi hawaiwezi.