Damu safi ya mbwa wa washenzi

Tuanze na jina lenyewe: basenji. Wazungu wanaofuga mbwa hawa watakwambia kwa mapenzi makubwa kwamba maana yake ni "kitu kidogo cha porini". Tamu kweli. Sasa wewe mwenye Kiswahili chako lisome tena polepole. Ba-senji. Wa-shenzi. Ndiyo hilo hilo! Wenye Kilingala walisema mbwa wa basenji, yaani mbwa wa washenzi, wa watu wa kijijini. Tusi ambalo watu wa pwani waliwapachika watu wa bara leo limeandikwa kwenye vyeti vya damu safi Ulaya na Marekani. Mshenzi mwenye cheti cha ukoo!

Niliiandika habari hii kwa ajili ya gazeti. Mhariri akaniambia hapa hatuuzi mbwa. Haya, naimwaga hapa.

Basenji ni mbwa wa kuwinda wa misitu ya kaskazini mashariki mwa Kongo na Sudan Kusini. Ni mdogo, masikio wima, mkia umejikunja juu ya mgongo, paji la uso lina makunyanzi kama mzee aliyesikia habari mbaya. Habweki kama mbwa wengine. Ana sauti yake ya ajabu, kama mtu anayejaribu kuimba. Kwa kuwa habweki, wawindaji humfunga kengele shingoni wajue yuko wapi kichakani. Jike hushika joto mara moja tu kwa mwaka, wakati mbwa wengi hushika mara mbili. Hakuna kamati ya watu wenye tai iliyomtengeneza. Msitu ndio uliomchuja, kizazi baada ya kizazi: asiyeweza kazi hakuacha watoto wengi.

Kisha wakaja wenye tai. Mwaka 1895 walionyeshwa mbwa wawili kwenye maonyesho ya Crufts, Uingereza. Wakafa kwa distempa muda si mrefu. Miaka ya 1930 bibi mmoja aitwaye Olivia Burn akafaulu kuwaleta na kuwazalisha, na Crufts ya 1937 watu walijaa kuwaangalia. Mwaka 1943 chama kikuu cha mbwa cha Marekani, AKC, kikawakubali. Daftari la ukoo likafunguliwa, wakaandikwa mbwa wachache mno, kisha likafungwa. Kuanzia hapo, halisi ni yule tu ambaye baba na mama yake wamo daftarini. Mwaka 1959 Veronica Tudor-Williams alilazimika kwenda mwenyewe kusini mwa Sudan kutafuta damu mpya, akarudi na jike mmoja mwekundu aliyeitwa Fula. Mbwa wengi sana wa leo wana damu ya huyo mmoja.

Unajua kinachotokea ukifunga mlango wa ukoo halafu watu wakaoana humo humo? Bibi yako kijijini anajua, ndiyo maana anauliza ukoo wa mchumba kabla hajauliza mshahara wake.

Miaka ya 1960 basenji walianza kufa kwa ugonjwa wa kuishiwa damu. Ni wa kurithi. Mbwa mwenye nakala moja ya jeni mbovu haugui, anaibeba tu. Ukipandisha wabebaji wawili, kila mtoto ana uwezekano wa robo wa kuugua. Ukimpandisha mbebaji na mzima, haugui mtoto hata mmoja. Hesabu ya darasa la saba. Lakini kipimo cha kuwatambua wabebaji kilipopatikana, wazalishaji walifanya nini? Wakawaondoa wabebaji wote kwenye uzazi, pamoja na kila kitu kizuri walichokuwa nacho. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawa waliziba ufa kwa matofali waliyoyang'oa kwenye ukuta uleule.

Ukoo ukazidi kuwa mwembamba, na ugonjwa mwingine ukaja juu: Fanconi, wa figo. Figo zinashindwa kurudisha sukari na virutubisho mwilini, vyote vinatoka na mkojo. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi hujitokeza mbwa akiwa na miaka minne au zaidi. Wakati huo dume bingwa ameshapata makombe na watoto chungu nzima, nao wana watoto wao.

Mwaka 1987 na 1988 Wamarekani kadhaa wakafunga safari hadi Zaire, wakarudi na mbwa wa vijijini, wakiwemo wenye mistari kama chui milia. Mwaka 1990 AKC ikafungua daftari kuwapokea. Hadi leo wapo wanaonuna: mbwa wa kijijini hana karatasi, utajuaje ni halisi? Hoja hii ndiyo inayonipandisha damu. Babu wa hao mabingwa wenu alikuwa na karatasi gani? Alisajiliwa ofisi ipi ya Ituri? Karatasi zenu zote zimezaliwa na mbwa wasio na karatasi. Halafu mjukuu wake yule yule aliyebaki nyumbani, anayefukuza wanyama kuelekea kwenye nyavu za Wambuti, mnamwita wa kutiliwa shaka?

Ugonjwa huu wa akili si wa basenji peke yao. Mbwa wa Dalmatia wana kasoro ya kurithi ya asidi ya mkojo inayowaletea mawe kwenye kibofu. Mwaka 1973 mwanasayansi Robert Schaible alimpandisha mmoja na mbwa wa aina nyingine, mara moja tu, kisha akarudi kuzalisha na Dalmatia kizazi hadi kizazi. Kasoro ikaondoka, madoa yakabaki. AKC ilikuja kuwakubali mbwa hao moja kwa moja mwaka 2011. Miaka 38 ya kubishana kuhusu usafi huku mbwa wanashindwa kukojoa! Na Uingereza ilikuwa mpaka 2009, baada ya filamu ya BBC kuwaumbua, ndipo chama chao kilipoacha kusajili watoto wa kaka na dada.

Vipimo sasa vipo. Cha Fanconi kilianza 2007 kwa kutumia alama za jirani na jeni, na 2011 kikaja cha jeni yenyewe. Hakuna tena kisingizio cha kuzalisha mbwa mgonjwa wa Fanconi. Pima wote wawili, weka majibu hadharani hata yasipopendeza, mbebaji mpandishe na mzima badala ya kumtupa, usiruhusu dume mmoja awe baba wa nchi nzima. Ukienda Kongo kuchukua damu, mlipe mwenye mbwa bei ya kueleweka, na uwachanje wanaobaki. Ghala la damu ya dunia nzima liko pale, linalindwa bure na watu ambao jina la mbwa wao ni tusi.

Na sisi wa Dar na Nairobi tusijifanye watazamaji. Mitaani kwetu watu wanauza "mbwa wa kizungu" kwa mamilioni, vitoto vya tumbo moja vinapandishwa wenyewe kwa wenyewe, mnunuzi anapewa picha ya baba na hadithi. Wa kwetu tunamwita koko na kumpiga mawe. Basenji naye kwao alikuwa koko tu hadi Mzungu alipomwandika daftarini.

Kwa hiyo ukienda kununua, wa aina yoyote, omba majibu ya vipimo vya baba na mama, na uulize kama wazazi hao ni ndugu. Muuzaji akianza kukuonyesha makombe, funga pochi uondoke.