Figo Hufa Kimyakimya: Tuzilinde kwa Mazoea ya Nyumbani



Miongoni mwa viungo alivyotujaalia Mwenyezi Mungu, viko vinavyopiga kelele vinapodhurika. Jino likitoboka, mwenyewe halali. Tumbo likichafuka, nyumba nzima itajua. Figo hazina tabia hiyo. Mtu aweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wa figo zake akawa bado anakwenda kazini, anahudhuria jamaa msikitini na kucheka na wanawe, wala asihisi lolote. Siku atakapovimba miguu, akakosa hamu ya chakula, akaishiwa pumzi na kuanza kutapika, mara nyingi uwezo uliosalia ni mdogo sana. Ndiyo maana juma hili tumeona tuzungumzie viungo hivi, si kwa ajili ya wagonjwa peke yao, bali kwa kila mwenye familia.

Figo ni mbili, zimekaa upande wa mgongoni chini ya mbavu, na kila moja ina ukubwa wa ngumi. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana vipatavyo milioni 1. Kwa siku moja, vichujio hivyo huchuja kutoka katika damu maji yapatayo lita 180, sawa na madumu 9 ya lita 20. Karibu yote hurudishwa mwilini, na kinachotoka kuwa mkojo ni lita 1 hadi 2 tu. Pamoja na kuondoa taka, figo husawazisha maji na chumvi, husaidia kudhibiti shinikizo la damu, huchochea utengenezaji wa chembe nyekundu za damu, na huiwezesha vitamini D kuimarisha mifupa. Kichujio kikishakufa hakioti kingine mahali pake. Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo hili.

Figo zikishindwa kabisa, njia husalia mbili. Ya kwanza ni kusafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara 3 kwa juma, na kila mara kwa muda wa saa 4 hivi. Ya pili ni kupandikizwa figo ya mtu mwingine. Twamshukuru Mwenyezi Mungu kwamba upandikizaji sasa unafanyika hapa nchini: Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza mwaka 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Hata hivyo, lazima apatikane mtu aliye tayari kutoa figo yake, na aliyepandikizwa hana budi kumeza dawa kila siku ili mwili usiikatae figo hiyo. Wengi wetu tumepata kusikia, baada ya swala ya Ijumaa, tangazo la kuombwa mchango kwa ajili ya ndugu anayesafishwa damu. Kuchangia ni wema mkubwa. Lakini tungependa pia kuona familia chache zaidi zikifikia kuhitaji tangazo hilo.

Presha na sukari

Maradhi mawili yanayoongoza kwa kuharibu figo ni kisukari na shinikizo la damu, au presha kama tulivyozoea kuiita. Sukari inapozidi katika damu kwa miaka mingi, huviumiza vile vichujio hadi vikaanza kupitisha protini isiyopaswa kupita. Presha nayo huvisukuma na kuvikakamaza vijishipa vyake. Figo zikidhoofika, presha huzidi kupanda. Na presha ikipanda, figo huzidi kudhoofika.

Kwa hiyo kinga ya kwanza ni kujua hali yetu. Mtu mzima apime presha walau mara moja kwa mwaka, hata akiwa mzima wa afya. Ikiwa inafika 140 kwa 90 au kuzidi katika vipimo vya siku tofauti, aonane na daktari. Aliyekwisha kuandikiwa dawa za presha au za sukari asiziache kwa sababu tu kichwa hakimuumi. Huenda ni dawa hizo ndizo zinazomfanya ajione hana tatizo.

Jikoni kwetu

Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Kiasi hicho kinahesabu chumvi yote: iliyo katika mchuzi, mkate, bajia, vipande vya viungo vya supu vinavyouzwa madukani, na ile inayonyunyizwa juu ya chipsi. Anayepika aipunguze kidogo kidogo, kwani ulimi huzoea baada ya majuma machache. Ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili vitasaidia kuleta ladha. Ng'onda na papa mkavu, tunaowapenda sana watu wa pwani, wana chumvi nyingi: waroweke, maji ya kwanza yamwagwe, wala mchuzi wake usitiwe chumvi nyingine. Kikopo cha chumvi kisikae mezani.

Sukari nayo ina njia zake za kuingia. Chupa moja ya soda yaweza kuwa na gramu zaidi ya 30 za sukari, takriban vijiko 7 vya chai au zaidi. Mtoto anayezoeshwa soda kila siku anajengewa njia ya unene na kisukari, na kisukari huelekea kwenye figo. Tumpe maji, na tumpe tunda zima badala ya sharubati iliyotiwa sukari.

Maji, haja ndogo na Ramadhani

Mtu mzima mwenye afya huhitaji takriban lita 2 za vinywaji kwa siku, na zaidi ya hapo wakati wa joto au kazi ya jua. Mkojo ukiwa na rangi ya manjano iliyofifia, maji yanatosha. Ukikoza rangi, tuongeze. Ila mgonjwa ambaye figo zake zimekwisha kushindwa afuate kipimo alichopewa na daktari, kwa maana kwake maji mengi yaweza kuwa madhara.

Kubana haja ndogo kwa saa nyingi, kama wafanyavyo wanafunzi wanaoona vyoo vya shule kuwa vichafu, ni mazoea yanayochangia maambukizi ya njia ya mkojo, hasa kwa wasichana. Maambukizi hayo yakipanda juu hufika kwenye figo. Sisi ambao tumefundishwa ubaya wa kuswali huku tumeizuia haja tuna sababu mbili za kuyaacha mazoea hayo.

Katika Ramadhani, mwenye afya anywe maji kwa kuyagawa kati ya futari na daku, asisubiri kuyabugia yote alfajiri. Mwenye maradhi ya figo, kisukari au vijiwe vya figo amwone daktari mapema, mwezi mmoja au miwili kabla. Mgonjwa amepewa ruhusa ya kutofunga, na kuitumia ruhusa hiyo si udhaifu wa imani.

Dawa tunazonunua wenyewe

Hapa twaomba tusikilizwe kwa makini. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni hupunguza damu inayofika kwenye figo. Kwa siku chache, kwa mtu mwenye afya, kwa kawaida hazina tatizo. Lakini mzee mwenye presha anayezimeza kila siku kwa ajili ya magoti, tena bila kunywa maji ya kutosha, anaziweka figo zake hatarini. Amweleze daktari ili atafutiwe njia nyingine.

Mitishamba nayo isichukuliwe kuwa salama kwa sababu tu imetoka porini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Ubelgiji, wanawake waliotumia vidonge vya kupunguza unene vyenye mmea wa jamii ya Aristolochia waliharibikiwa figo, na wengine baadaye wakapata saratani ya njia ya mkojo. Dawa ambayo haijulikani imechanganywa na nini, hata muuzaji akiisifu namna gani, isiingie nyumbani mwetu.

Watoto wetu

Mtoto aliyeugua koo au vidonda vya ngozi vilivyotunga usaha atibiwe hadi mwisho wa dozi. Baadhi ya vijidudu vya maradhi hayo vyaweza kusababisha figo kuvimba, wiki 1 hadi 3 baadaye. Mzazi akiona uso wa mtoto umevimba asubuhi, hasa kuzunguka macho, au mkojo wake una rangi ya chai ya rangi, ampeleke hospitali siku hiyo hiyo. Vilevile mama mjamzito asikose kupimwa presha na mkojo kila aendapo kliniki.

Kwa mwenye kisukari, presha, au ndugu wa damu aliyepata maradhi ya figo, vipimo ni viwili: mkojo, kuangalia protini, na damu, kuangalia kreatinini. Vifanyike kila mwaka. Tatizo likigunduliwa mapema, dawa na chakula vyaweza kulichelewesha kwa miaka mingi.

Basi tuanze na hatua mbili nyepesi. Wiki hii, kila nyumba ipunguze chumvi ya mchuzi, na kila mwenye wazazi wazee awapeleke kupimwa presha, kisha awaulize kwa upole ni dawa gani wanazomeza. Huenda katika kijaluba cha mama au mfuko wa koti la baba zikaonekana zile za maumivu ambazo hakuna aliyejua kuwa zinamezwa kila siku.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na atuhifadhi sisi na vizazi vyetu. Amin.