"Ndiyo" ya Nani?

Aghalabu sisi wanafunzi wa tafsiri hulidharau neno "ndiyo", tukidhani halihitaji kamusi. Kilatini hakikuwa na neno moja mahususi la kukubali. Binti zake wakajiundia. Kutokana na "sic", yaani "hivyo", Kiitaliano kilipata "sì" na Kihispania "sí". Kusini mwa Ufaransa walisema "oc", kaskazini "oïl", ambalo ndilo "oui" ya leo. Mwanzoni mwa karne ya 14, Dante alizibainisha lugha hizo kwa neno hilo tu!

Utata hasa umo katika swali kanushi. Mjerumani aliyekwisha kula, akiulizwa "Hujala?", hajibu "ja" bali "doch", Mfaransa naye huacha "oui" akasema "si". (Kiingereza cha kale kilitofautisha "yea" na "yes", tofauti hiyo ikafa.) Mswahili je? Asiyekula hujibu, "Ndiyo, sijala", maana anaafiki kauli ya muulizaji, aliyekula husema, "La, nimekula." Basi "doch" hapo ni "la", wala si "ndiyo"! Hata hivyo, katika mazoezi yetu ya kutafsiri tamthilia, wahusika hujibu, "Ndiyo, nimekula", kana kwamba wamelelewa London. Tahajia husahihishwa kwa wino mwekundu; jibu hilo hupita salama.