Atekaye ardhi hubeba dhamana ya raia

JESHI linapoingia katika nchi ya wengine na kutwaa mamlaka, haliwezi kudai kwamba usalama wa raia ni jukumu la mwingine. Wakazi wa Ituri, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, walilipa kwa damu kabla ya funzo hilo kukubaliwa mahakamani.

Mnamo Juni 1999, kamanda wa majeshi ya Uganda nchini humo aliunda mkoa wa Kibali-Ituri na kuuteulia gavana. Mapigano ya Wahema na Walendu yalishika kasi huku wanajeshi hao wakiwapo, hadi walipoondoka 2003.

Uganda ilijitetea kuwa haikuikalia Ituri kimabavu. Mnamo Desemba 19, 2005, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitupilia mbali utetezi huo. Kwa mujibu wa Kanuni za Hague za 1907, anayekalia eneo hulazimika kulinda amani ya wenyeji. Hivyo, Uganda iliwajibika kwa maovu ya askari wake, na pia kwa kutozuia yale ya makundi ya waasi.

Fidia ilisubiri hadi Februari 2022: dola milioni 325, ilhali Kongo ilidai zaidi ya bilioni 11.

Haki hiyo ilijikokota mno. Waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma Januari 2025, swali la Ituri lilirejea: nani atawajibikia raia? Jibu lisisubiri makaburi yaote nyasi.