Mlango, si Bandari

Wanaoiita poti ya mtandao "bandari" wametafsiri umbo la neno, wakaiacha maana yake. Mwanafunzi anayeunda tovuti huijaribu kwanza ndani ya kompyuta yake mwenyewe. Huiwasha seva, kisha huiita kwa kivinjari: anwani 127.0.0.1, nambari 8000. Anwani hiyo ni nyumba ileile aliyomo. Nambari ni mlango ambao nyuma yake seva inangoja kubishiwa hodi. Hifadhidata nayo ina mlango wake. Programu mbili zikigombea mlango mmoja, ya pili hukataliwa. Meli i wapi hapo? Shehena ipi? Tusimtwishe kijana istilahi zinazompoteza, kisha tukamlaumu akikimbilia Kiingereza. Ndugu washairi, istilahi huzaliwa na kazi ya kitu, si na jina lake la ugenini.