Wavuja jasho 15 wafa, wakubwa wasingizia uzembe!

NDUGU msomaji, kiwanda kikiungua kuna neno ambalo hutoka kabla moshi haujaisha. Neno lenyewe ni "uzembe". Uzembe wa nani? Wa fundi wa zamu, wa dereva, wa mlinzi, wa kibarua. Umewahi kusikia uzembe wa mwenyekiti wa bodi? Thubutu!

Leo nakupeleka Texas, Marekani, kwa hao tunaoambiwa kila siku kwamba wao ndio mabingwa wa teknolojia na sheria. Nakupeleka huko kwa sababu wenzetu walichimba hadi wakaufikia mzizi wa fitina, na walichokikuta kinamhusu kila mtu anayekula kwa jasho lake.

Ilikuwa Machi 23, 2005, saa 7.20 mchana, katika mji wa Texas City. Kulikuwa na kiwanda kikubwa cha kusafisha mafuta, mali ya kampuni ya BP ya Uingereza. Mji wenyewe si mgeni wa misiba, maana Aprili 1947 meli iliyobeba mbolea ililipuka bandarini hapo na watu wapatao 580 wakafa. Mchana ule wa 2005 ulilipuka mtambo wa kiwandani. Watu 15 walikufa papo hapo, wengine 180 wakajeruhiwa, na watu wapatao 43,000 wakaamriwa wajifungie majumbani.

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Usiku wa kuamkia siku hiyo mafundi walianza kuwasha mtambo uliokuwa umezimwa kwa matengenezo. Ndani yake kuna mnara wa futi 170, sawa na ghorofa kumi na kitu. Mafuta yakiingia kwenye mnara huo yanatakiwa yasimame chini kabisa, kama futi 6 na nusu hivi. Siku hiyo yaliingizwa kwa saa tatu huku mlango wa kuyatolea umefungwa. Mnara ukajaa karibu hadi juu.

Utauliza, fundi alikuwa amelala? Hakulala. Alikuwa anatazama kipimo, na kipimo kilikuwa kinamdanganya. Kilimwonyesha kwamba mafuta yako chini ya futi 10 na yanazidi kushuka! King'ora cha pili, kilichowekwa kwa ajili ya hali kama hiyo, hakikulia. Msimamizi mwenye ujuzi wa mtambo ule aliondoka asubuhi kwa dharura ya familia, na hakuletwa mwingine wa kushika nafasi yake.

Mafuta yalipofika juu yakaingia kwenye bomba la dharura na kumwagikia katika tangi lenye bomba refu lililo wazi kileleni. Tangi la aina hiyo ni la miaka ya 1950. Viwanda vya kisasa vina mwenge, ule moto unaowaka juu ya bomba na kuunguza gesi kabla haijaleta maafa. Hapa mwenge haukuwapo. Mafuta yakaruka hewani kama chemchemi, yakaanguka chini, yakageuka wingu la mvuke. Kiasi cha futi 25 kutoka hapo kulikuwa na pikapu ya dizeli, injini inanguruma. Wingu likaikuta. Ndipo dunia ikapasuka.

Sasa tuwataje waliokufa, maana hapa ndipo penye uchungu. Wote 15 walikuwa watu wa makandarasi. Hawakuwa wafanyakazi wa BP, na mtambo uliolipuka haukuwa kazi yao. Walikuwa wanatengeneza mtambo wa jirani, na ofisi zao zilikuwa matrela mepesi yaliyoegeshwa futi 121 tu kutoka kwenye lile tangi la hatari. Hakuna aliyewaambia kwamba mtambo wa jirani unawashwa siku hiyo. Na mchana huohuo walikuwa wametoka kula chakula cha kusherehekea mwezi mzima bila mtu kuumia kazini! Walikula pilau la usalama, kwa lugha yetu, kisha wakarudi kwenye matrela kufa.

Mwezi Mei mwaka huohuo BP ikatoa ripoti yake ya kwanza. Unadhani ilimtaja nani? Mafundi wa zamu na wasimamizi wao! Eti hawakufuata taratibu, eti hawakuwepo kwenye nafasi zao. Baadhi wakafukuzwa kazi. Kwa kifupi, wakaangushiwa jumba bovu, wakubwa wakakaa pembeni wanapangusa miwani.

Tusemezane ukweli, mimi sisemi mafundi hawakukosea. Walikosea. Mlango ulifungwa na mafuta yakaendelea kuingizwa, hilo halina ubishi. Lakini mwenye akili haishii hapo. Anauliza: nani alimweka mtu huyu mbele ya kipimo kibovu, peke yake, akiwa hoi?

Majibu yalitoka mwaka 2007, pale Bodi ya Usalama wa Kemikali ya Marekani ilipotoa ripoti yake. Mafundi wale walikuwa wamefanya kazi zamu za saa 12 kwa siku 29 mfululizo au zaidi, bila siku ya kupumzika. Mtu mmoja alikuwa anaendesha mitambo mitatu, wakati zamani kazi hiyo ilikuwa na watu wawili. Wakufunzi wa kiwanda walipunguzwa kutoka 28 hadi 8. Na kwa nini yote hayo? Kwa sababu mwaka 1999, baada ya BP kuimeza kampuni ya Amoco iliyokuwa na kiwanda hicho, amri ilitoka juu kwamba gharama zikatwe kwa asilimia 25. Miaka michache baadaye likaja tena agizo la kukata asilimia 25 nyingine, kwa mwaka uleule wa 2005!

Na lile tangi la kizamani? Walijua! Mwaka 1997 lilibadilishwa, na badala ya mwenge likawekwa tangi jingine la aina ileile. Mwaka 2002 suala la mwenge likaletwa tena mezani, likapita hivihivi. Katika miaka 30 kabla ya mlipuko, wafanyakazi 23 walikuwa wameshakufa kiwandani hapo, watatu kati yao mwaka 2004 peke yake. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawa waliuona ufa, wakaupima, wakapiga hesabu ya saruji, wakaamua ni ghali. Kisha ukuta ukawaangukia watu wengine.

Unafikiri natia chumvi niliposema walipiga hesabu? Sikiliza hili. Kulikuwa na binti mmoja aliyepoteza baba na mama, wote wawili, katika mlipuko ule. Kampuni ilikuwa inawalipa ndugu wa marehemu ili mambo yaishe kimyakimya. Binti huyu aligoma. Alisema fedha si neno, toeni kwanza nyaraka zenu watu wazisome. Mwaka 2006, siku ya kesi ilipofika, kampuni ikasalimu amri, nyaraka zikatoka hadharani.

Katika makabrasha yaliyofichuliwa na kesi za Texas City kulikuwa na andiko la mwaka 2002 lililotumia hadithi ya watoto wa Kizungu: nguruwe watatu wanajenga nyumba, mmoja ya nyasi, mmoja ya vijiti, mmoja ya matofali, na mbwa mwitu anakuja kuzipuliza zianguke. Watu wa kampuni waliitumia hadithi hiyo kukokotoa ipi ni nafuu: kumjengea nguruwe nyumba imara au kuingia hasara mbwa mwitu akija. Msomaji, umeshajua nguruwe ni nani. Nguruwe ni mfanyakazi. Nguruwe ni wewe.

Na adhabu? Idara ya usalama kazini ya Marekani iliipiga BP faini ya dola milioni 21 na ushei mwaka 2005. Mwaka 2009 wakaguzi waliporudi wakakuta mambo mengi waliyoagiza hayajatengenezwa, ikaongezwa faini ya dola milioni 87, na mwaka 2010 kampuni ikakubali kulipa milioni 50.6 kati ya hizo. Mahakamani, kampuni ilikiri kosa la jinai chini ya sheria ya hewa safi na kutozwa dola milioni 50. Naam, sheria ya hewa! Watu 15 wamekufa, kosa lililothibitishwa ni la kuvunja sheria ya hewa safi. Na hakuna mkubwa hata mmoja aliyepandishwa kizimbani kwa vifo vile.

Matokeo ya kulindana huko yalionekana Aprili 20, 2010, pale chombo cha Deepwater Horizon kilipolipuka katika Ghuba ya Mexico kwenye kisima cha BP hiyohiyo. Wengine 11 wakafa, na bahari ikajaa mafuta. Mwaka 2013 kiwanda cha Texas City kikauzwa kwa kampuni ya Marathon. Biashara inaendelea. Makaburi yamebaki.

Utasema, kijana, haya ya Texas yanatuhusu nini? Kwanza, kumbuka vile vituo vya mafuta vya kijani na njano vilivyokuwa barabarani kwetu. BP Tanzania ilikuwa kampuni ya ubia, nusu ya BP na nusu ya Serikali yetu, hadi BP ilipouza sehemu yake kwa Puma. Kwa hiyo mwaka ule mlipuko ulipotokea, wewe na mimi, kwa jina la umma, tulikuwa wabia wa mzungu huyo. Je, ulisikia mkubwa yeyote wa hapa akimuuliza mbia wetu swali kuhusu maiti 15?

Pili, mimi ni mwandishi wa kujitegemea, elimu yangu ni ya kidato cha nne, na kabla ya kushika kalamu nilifanya kibarua kiwandani. Sitakitaja. Kofia ngumu na glavu tulikuwa tunagawiwa siku ya ukaguzi asubuhi na kuzirudisha jioni. Mwenzetu alipokatwa vidole, bosi alisema neno moja tu: uzembe. Mashine ile ilikuwa haina kinga kwa miezi, na sote tulikuwa tumesema. Niliposoma habari za Texas City nilimkumbuka bosi yule. Nikajua kumbe wanasoma shule moja, wa dola na wa shilingi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, siku nyingine moto ukiwaka na mkubwa akasimama mbele ya kamera na suti yake akisema "uzembe wa wafanyakazi", usiondoke na jibu hilo. Muulize maswali manne. Bajeti ya matengenezo ilikuwa kiasi gani, na nani aliikata? Yule fundi alikuwa amefanya kazi siku ngapi bila mapumziko? Hatari hiyo iliandikiwa barua lini, na barua hiyo iliishia kwenye droo ya nani? Na ripoti ya uchunguzi itatoka hadharani lini, yote, si muhtasari?

Akijibu, tumshukuru. Akiweka funika kombe mwanaharamu apite, ujue kuna hadithi ya nguruwe imefungiwa kabatini mwake. Binti yule yatima wa Texas hakuwa na cheo wala jeshi. Alikuwa na maiti mbili na ukaidi wa kukataa kunyamazishwa. Akalifungua kabati.

Sisi tunaogopa nini?