Jembe Lifuate Mkono

Kilimo cha ngoro katika milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, kimepata sifa kubwa, nacho kinazistahili. Nyasi zilizofyekwa hulazwa kwa mistari inayokatana mfano wa wavu. Kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kuzifukia, hata mteremko mzima ukawa vishimo na matuta. Maji ya mvua hunaswa humo, na udongo hauporomoki. Hata hivyo, katika sifa hizo kiungo kimoja hakitajwi, nacho ni kifundo cha mkono wa mwanamke. Kwa desturi wanaume hufyeka na kulaza nyasi. Kuchimba na kufukia ni kazi ya wanawake. Maumivu ya kifundo yanayofuata huhesabiwa kuwa sehemu ya kazi, kama jasho. Fikira hiyo si sahihi, na sayansi ifundishwayo sekondari yatosha kuisahihisha.

Kifundo cha mkono kina mifupa midogo 8. Upande wa kiganja ipo njia nyembamba ambamo kano 9 na neva moja hupita pamoja. Mkono upindapo huku vidole vimekaza, kano hizo husuguana na neva hubanwa. Kano za upande wa kidole gumba nazo huugua. Daktari wa Uswisi, Fritz de Quervain, alieleza maradhi yao mwaka 1895. Basi yapo mambo mawili ya kuchunguza: mshtuko wa pigo, na mkono uliopinda.

Kuhusu mshtuko, wachezaji wa tenisi wamejifunza jambo lenye manufaa. Nyuzi za raketi aghalabu hukazwa kwa uzito wa kilo 20 hadi 28. Mchezaji aumwaye mkono hushauriwa apunguze mkazo huo, tena achague nyuzi laini, kama zile za utumbo wa ng'ombe, badala ya nyuzi ngumu za poliesta. Sababu yake ni nyepesi. Uzi uliolegea kidogo hubonyea zaidi, na mpira hukaa juu yake muda mrefu zaidi. Chukulia kwamba muda wa mgusano umeongezeka kutoka sehemu 4 za elfu za sekunde hadi sehemu 5. Ikiwa badiliko la mwendo wa mpira ni lilelile, kani ya wastani hupungua kwa sehemu moja ya tano.

Jembe halina nyuzi. Linapogonga jiwe husimama ghafla, na mshtuko wote hupanda kwenye mpini. Ndiyo maana mpini ni jambo kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mti hupokea sehemu ya mtetemo na kuifisha. Bomba la chuma hufisha kidogo mno. Jembe lililolegea katika mpini huyumba kila pigo, na mlimaji hulazimika kukaza vidole ili kulizuia. Kabari moja ya mti huondoa taabu hiyo. Unene nao una kipimo: kwa watu wazima walio wengi, sentimita 3 hadi 5 hufaa. Mpini mwembamba mno, sawa na ulio mnene mno, huchosha vidole na kano zake.

Kuhusu mkono uliopinda, ufuko wa Ziwa Nyasa una somo lake. Kuanzia Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, mkono uleule hushika kafi la mtumbwi na jembe la shamba la muhogo. Maji hayana mshtuko wa jiwe, kwa kuwa husogea taratibu mbele ya kafi. Lakini apigaye kafi kutwa nzima kwa kifundo kilichopinda huumia vilevile. Kifundo kilichonyooka hushika kwa nguvu zaidi na kwa madhara machache.

Wako watakaosema kwamba dawa ni trekta. Trekta halipandi miteremko ya Umatengo, na mlimaji hawezi kuahirisha msimu akilingojea. Wengine watasema mabibi walilima vivyo hivyo. Ni kweli, na wengi wao waliumia kimya.

Tangu Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, jembe limehesabiwa kuwa chombo cha elimu. Haifai basi mwanafunzi mfupi wa kidato cha kwanza apewe mpini uleule wa mrefu wa kidato cha nne. Darasa la fizikia lipime mipini ya shule: urefu, unene, aina ya mti. Wanafunzi walime kwa zamu, wakiandika ni mpini upi uliochosha na ni wapi palipouma. Mwenye ganzi ya vidole usiku, au maumivu yasiyokoma, apelekwe kituo cha afya, wala asiitwe mvivu.

Matokeo ya vipimo hivyo yafikishwe nyumbani, kwa mama aliye ngoroni. Kuchonga mpini mpya ni kazi ya saa chache, na mti haukosekani.